Ukuta wa Sentimita Sitini na Moja

Fundi wa dohani aliposhuka kutoka juu ya paa mwezi wa Septemba, uso umejaa masizi na mikono ameifumba nyuma, Mererid Parry alijua habari kabla hajaambiwa. Dohani ilikuwa imepasuka kutoka shingoni hadi chini ya vigae, na lile jiko kubwa la chuma lililokuwa likila makaa ya mawe jikoni kwake tangu enzi za mama mkwe wake lisingewashwa tena. Fundi alibandika karatasi nyekundu ya kukataza matumizi kwenye mlango wa jiko akaaga. Mererid alisubiri mpaka lango la nje lifungwe, akaibandua karatasi ile, akaikunja mara nne na kuitia kwenye droo. Karatasi nyekundu haikuwa kitu cha kuonwa na watu katika nyumba ya kina Parry.

Vyumba vingine vyote vilikuwa na radieta, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitishiwa maji ya moto. Binti yake, Lowri, ndiye aliyesimamia kazi hiyo mwaka mmoja baada ya kumzika baba yake. Jikoni peke yake ndiko kulikorukwa, kwa sababu jikoni kulikuwa na jiko, na hakuna aliyewaza kwamba jiko lile lingekuja kufa. Sasa Oktoba ilikuwa imeingia, mvua ya kijiji cha Rhyd-y-Garreg imeanza kuja kwa ubavu kutoka mlimani, na Mererid, mwanamke wa miaka sabini na sita aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, alikuwa akinywa chai yake ya asubuhi na glavu mikononi.

"Mama, weka radieta jikoni yaishe," Lowri alimwambia kwenye simu kutoka mjini Cardiff. "Unangoja nini?"

"Nangoja kujua itakaa wapi."

"Ukutani, Mama. Zinakaa ukutani."

"Ukuta upi? Njoo unioneshe huo ukuta."

Lowri alicheka kidogo. "Baba angekuwepo angeshaiweka."

"Baba yako hakuwa mtu wa kusumbuliwa na baridi," alisema Mererid, na aliyasema hayo kwa sababu aliyaamini.

Jikoni kwenyewe kulikuwa kudogo. Upande mmoja jiko la chuma katika pango lake la mawe. Upande wa pili dirisha, na chini yake sinki na makabati yaliyokaa juu ya sakafu ya mawe bila hata mwanya wa kupitisha kisu. Upande wa tatu ulishikwa wote na kabati la vyombo, refu hadi darini, limejaa sahani za buluu na majagi yaliyotundikwa kwa mikono yao. Babu wa marehemu mumewe, Emrys, aliliunda humo humo ndani, ubao kwa ubao, na baadaye mlango ukapunguzwa walipojenga stoo ya nyuma. Kwa hiyo kabati lile lisingetoka pale ila kwa msumeno. Upande wa nne ulikuwa na milango miwili, wa stoo na wa uani, na kati ya milango hiyo kipande chembamba cha ukuta. Hapo palikuwa na kigingi kimoja, na kwenye kigingi koti la Emrys. Chini ya koti, kiti chake.

Wil Mabomba alikuja Jumanne. Jina lake hasa lilikuwa Wil Pritchard, lakini kijijini kulikuwa na kina Pritchard wengi mno, na watu hutofautishwa kwa kazi zao au kwa vituko vyao. Baba yake, mchimba makaburi, aliitwa Now Mashimo mpaka siku alipoingia katika shimo lake mwenyewe. Wil alikuwa amepita darasani kwa Mererid zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na mpaka leo alipofika mlangoni kwake alifuta viatu mara mbili.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Habari njema, Wil. Umenenepa."

"Ndiyo, Mwalimu. Mke wangu anasema ni upepo."

Aliweka kitabu chake cha picha mezani, akasimama katikati ya jikoni akazunguka polepole kama mtu anayetafuta mahali pa kulala hotelini.

"Kwanza nikuambie ukweli," alisema. "Kuta zako ni za mawe mazito na chumba kinatazama kaskazini. Hapa panataka joto la maana. Ukinunua karadieta kadogo ka kuwekwa chini ya dirisha la chooni, utakuwa umenunua pambo."

"Sitaki pambo."

"Vizuri. Watu wenye jikoni kama hili wana njia tatu. Ya kwanza, radieta ya kawaida, fupi na pana. Hiyo inataka ukuta mtupu wa mita moja na nusu, na ukuta huo anao huyu bwana hapa." Alilipigapiga kofi kabati la vyombo.

"Hutaligusa."

"Silitaki, Mwalimu. Ya pili, hita inayofichwa chini ya makabati, ina feni ndani. Lakini makabati yako yamekaa chini kama kuku anayeatamia. Na hata ingeingia, hiyo feni inanguruma. Utadhani kuna mgeni anakoroma chini ya sinki."

"Na ya tatu?"

Wil alifungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. Ilikuwa radieta ya kusimama, nyembamba, mirija ya chuma safu mbili, ndefu kumpita mtu.

"Inafanana na kinanda cha kanisani," alisema Mererid.

"Ila hii haipigi nyimbo vibaya. Hii inapanda juu badala ya kutanuka. Upana sentimita arobaini na sita, urefu mita moja na themanini. Ukiichukua ya safu mbili, joto lake ni sawa na ile pana. Bomba zinapita nyuma ya ukuta huu, upande wa sebule, kwa hiyo sitavunja sana. Nafasi ipo moja tu." Hakuonesha kwa kidole. Alitazama tu kati ya milango miwili.

Mererid naye alitazama. Koti lilikuwa la sufu ya kijivu, kola imeanza kung'aa kwa kuchakaa. Miaka mitatu hakuna mkono uliolitoa pale, isipokuwa wake, Ijumaa kwa Ijumaa, alipolipiga brashi na kulirudisha.

"Hapo pana kitu," alisema.

"Naona, Mwalimu."

"Basi tafuta kwingine."

"Kwingine hakuna. Ningesema uongo ningesema kupo." Wil alikuna shingo. "Sitini na moja pale, toka fremu hadi fremu. Ukitoa arobaini na sita, milango yote inafunguka bila kugusa. Kama mtu amekata kwa mkasi."

Mererid aliyekuwa akigeuka kwenda kwenye birika alisimama. Futi ya fundi ilikuwa bado mezani, imejiviringa ndani ya kasha lake. Tangu aingie hakuwa ameigusa.

"Umejuaje kuwa ni sitini na moja?"

Wil alikifunga kitabu cha picha. Akakifungua tena.

"Wil Pritchard. Nimekuuliza swali."

"Nilishapima, Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka minane aliyeshikwa na jibu la jirani yake. "Zamani. Ile Jumapili."

Hakuna aliyehitaji kueleza Jumapili ipi.

Ilikuwa Novemba, miezi kumi na tano kabla Emrys hajafa. Emrys alikuwa na vumbi la machimbo kifuani, kama wanaume wote waliopasua mawe ya bamba ya kuezekea katika kinu cha mlimani, na asubuhi hiyo alikohoa sana hata akabaki nyumbani. Mererid alikwenda kanisani peke yake. Alikuwa msimamizi wa shule ya Jumapili, na Emrys mzee wa kanisa, mwana wa mzee wa kanisa, na Jumapili katika nyumba yao hata viazi vilimenywa Jumamosi. Aliporudi pamoja na wanawake wenzake, vitabu vya nyimbo kwapani, aliliona gari la Wil limeegeshwa mbele ya lango lake, na maandishi yake makubwa ya kazi ubavuni. Damu ilimpanda hadi masikioni. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Beti wa Nambari Nne, alisimama kabisa ili aone vizuri.

"Wil amekuja kumjulia hali Emrys," Mererid aliwaambia, akaingia ndani akafunga mlango.

Jikoni alimkuta Wil amepiga goti kati ya ile milango miwili, na Emrys amesimama kando amelishika koti lake mkononi. Mererid hakuuliza wanafanya nini. Alisema, "Wil, leo ni siku gani?" Wil aliinuka, akatia futi mfukoni akatoka. Kisha Mererid akamgeukia mumewe. "Tumekosa nini, Emrys, hata tuaibishwe mbele ya kanisa zima?" Na Emrys akalitundika koti kwenye kigingi, taratibu, akajibu, "Samahani, Mererid. Tulikuwa tunaangalia tu." Hapo yaliisha. Siku zote Mererid alidhani walikuwa wakiangalia bawaba ya mlango.

"Alikuita yeye," alisema sasa.

"Alinipigia simu. Akaniomba nije saa nne, ukiwa kanisani. Mimi si mtu wa kanisa, unajua, kwangu Jumapili ni siku kama nyingine. Alitaka tulete maji ya moto nyumbani, tuanzie humu jikoni, ila kwanza ajue kama inawezekana, ndiyo akuambie."

"Kwa nini? Alikuwa na jiko. Jiko liliwaka usiku na mchana."

Wil alitazama viatu vyake. "Daktari alimkataza kukaa karibu na jiko, Mwalimu. Ule moshi wa makaa ulikuwa unammaliza. Ndiyo maana alihamishia kiti huku mlangoni."

Mererid alivuta kiti kilichokuwa karibu yake akaketi. Kiti kile cha Emrys kilihamishwa kutoka penye moto msimu wa vuli huo huo. Alipomuuliza sababu, alisema anamwachia yeye nafasi ya joto, naye akafurahi. Alimsimulia hata Lowri jinsi baba yake alivyokuwa bado mume mwungwana. Kumbe mwungwana yule alikuwa amekaa baina ya milango miwili inayopitisha upepo, kwa sababu upande mmoja wa chumba ulimnyima pumzi na upande wa pili ulimnyima joto, na hakuona wa tatu.

Na koti? Hilo halikuhitaji kuelezwa na fundi. Emrys alipoanza kukaa pale alikaa na koti mwilini, mchana kutwa, na aliyepita kuazima ngazi au kuleta barua alimkuta nalo. Haikupita miezi miwili akawa na jina kijijini: Emrys Koti. Mererid alilisikia dukani, kwenye foleni ya mikate, na lilimchoma. Baba yake Emrys aliitwa Parry Biblia. Babu yake aliitwa Parry Kinara. Leo mwana wao aitwe kwa nguo, kama mlevi wa barabarani? Alirudi nyumbani akamwambia, wala hakumfokea, alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomwuma sasa kuliko kama angefoka: "Livue ukiwa ndani, mpenzi. Watu wanatucheka." Emrys alilivua. Wiki ya pili yake ndipo alipompigia Wil.

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza. "Yeye, au wewe?"

"Mimi uliniuliza leo siku gani, Mwalimu. Nikajua jibu nikaondoka." Wil alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Wiki ile nilimkuta posta. Nikamwambia, Emrys, nije hata Jumatano, nimweleze mwenyewe. Akasema, hapana, Wil, acha. Mererid amebeba jina la nyumba hii kwa miaka arobaini na minane, nisimwongezee mzigo."

Birika lilizimika lenyewe, na hakuna aliyelijali.

Mererid aliinuka. Alikwenda kwenye kigingi akalishusha koti, akalikunja mkononi. Nyuma yake karatasi ya ukutani ilikuwa na rangi yake ya asili, maua ya kijani ambayo kwingineko yalikuwa yamekwisha kufifia kuwa kahawia. Katika ule ukijani palikuwa na misalaba minne midogo ya penseli, miwili juu, miwili chini, mahali ambapo skrubu zingeingia. Miaka yote hii alikuwa amelipiga koti brashi mbele yake bila kuiona, maana siku zote alilirudisha huku akilitazama koti, si ukuta.

"Ni hiyo hiyo aliyoichagua?" aliuliza.

"Hiyo hiyo. Nyeupe. Nilimwambia zipo za rangi ya mkaa, za kisasa. Akasema nyeupe, wewe utapenda nyeupe."

"Iweke."

"Nitaiweka. Ila wiki hii na ijayo nimebanwa, nina shule nzima ya kule mjini. Labda tarehe kumi na nne ya mwezi ujao. Au..." akakatiza.

"Au nini?"

"Au siku nisiyokuwa na kazi. Lakini siku hiyo mimi sijaitaja, Mwalimu. Hukunisikia."

Mererid alikuwa bado akiitazama ile misalaba. "Njoo Jumapili," alisema. "Saa nne. Na gari usilipitishe uchochoro wa nyuma. Liweke mbele ya lango."

Wil alifika saa nne kasoro dakika tano, na watu walikuwa wakipanda kilima kwenda kanisani. Mererid alivaa nguo zake nyeusi za Jumapili kama kawaida, lakini hakushika kitabu cha nyimbo. Alisimama langoni, mgongo umenyooka, kwa namna aliyokuwa akisimama mbele ya watoto mia na ishirini. Alijua kwamba mchungaji angeambiwa kabla ya wimbo wa kwanza. Alijua pia kuwa mlango ulikuwa nyuma yake, na kwamba ingetosha kuingia ndani na kuufunga, kama alivyofanya mara ile.

Beti wa Nambari Nne alikuja na wanawake wawili. Alipunguza mwendo.

"Bibi Parry, mwenzangu. Hilo gari la Wil limekufia hapa mlangoni kwako?"

"Halijafa. Mwenyewe yumo ndani."

"Amekuja kukujulia hali?"

Mmoja wa wale wawili alikohoa ili asicheke. Kutoka jikoni keekee ya umeme ilianza kunguruma kwenye mawe, na sauti hiyo ilijaza barabara yote.

"Amekuja kufunga radieta," alisema Mererid. "Emrys aliiagiza. Jumapili ile nilipowaambia kwamba Wil amekuja kumjulia hali, niliwadanganya. Alikuja kupima. Mume wangu alikuwa anatetemeka ndani ya nyumba yangu, na mimi nikamfukuza fundi ili ninyi msione."

Aliyasema yote bila kuinua sauti wala kushusha macho. Alikuwa amejiandaa kwa mshtuko wao, hata kwa furaha yao. Lakini Beti alihamisha tu kitabu chake cha nyimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Futi ilikuwa inaning'inia mfukoni kwa Wil, Mererid," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Sote tuliiona. Tulikuwa tukimwonea huruma Emrys. Tukasema, afadhali, sasa atapata joto." Alilitazama gari. "Halafu hatukuona kikiletwa kitu. Tukadhani labda hamkupata nafasi ukutani."

Walikwenda zao. Kengele ya kanisa ilipiga, kisha ikanyamaza, na Mererid alibaki ameshika lango. Kumbe jina alilolilinda kwa gharama ile hakuna aliyekuwa akiliviziavizia. Kijiji kizima kilimtakia Emrys radieta. Aliyempinga alikuwa mmoja.

Saa nane mchana Wil alimaliza. Alimwonesha kitasa cha pembeni cha kuongezea joto, chenye namba, moja hadi tano. "Weka tatu, Mwalimu. Tatu inatosha. Tano ni ya watu wa Uarabuni." Akafuta vumbi la mawe sakafuni kwa ufagio aliokuja nao, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kulifanya, akakataa chai, akaenda.

Jioni Lowri alipiga simu. "Mama, wamefunga? Chumba kina joto?"

"Kina joto."

"Na nafasi ilipatikana? Si ulisema hakuna ukuta?"

"Ulikuwepo," alisema Mererid. "Baba yako alishaupima." Lowri alipotaka kujua zaidi, alimwambia aje mwisho wa wiki, kuna jambo la kumweleza ana kwa ana, kuhusu baba yake na kuhusu yeye mwenyewe.

Kisha alirudi jikoni. Ilikuwa kweli: joto lilikuwa limefika mpaka kwenye kabati la vyombo, mpaka kwenye kona ya sinki ambako hata jiko halikuwahi kufika. Lilikuwa joto safi, lisilo na moshi wala harufu. Kigingi hakikuwapo tena, na koti hakujua alipeleke wapi. Mchana kutwa alikuwa amelihamisha kutoka kiti hadi kiti. Sasa alilivisha kwenye mgongo wa kiti cha Emrys, akakisogeza kiti kile karibu na radieta, si karibu sana, kiasi cha mtu kunyoosha miguu.

Akainama, akakizungusha kitasa kutoka tatu hadi nne, na kutoka nne hadi tano. Yeye mwenyewe aliketi upande wa pili wa meza, kwenye kiti chake cha siku zote, kando ya jiko lililokufa.